Maji Yaliyopanda Bafuni: Kisa cha Gari-Nyumba Kule Itasca

Usiku wa Jumamosi, saa tano kasorobo, mke wangu alifunua pazia la bafu la gari akanyamaza. Mke wangu si mtu wa kunyamaza. Nilipochungulia begani kwake nikaona maji ya rangi ya chai ya maziwa yametuama kwenye sakafu ya bafu, kina cha vidole viwili, na juu yake zinaelea punje za wali, chembe za bizari nyembamba na povu la sabuni. Hakuna aliyekuwa akioga. Hakuna aliyeoga tangu alasiri. Pilau tuliyokula saa mbili ilikuwa imerudi kututembelea kupitia tundu la bafuni.

Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi, na kila mara watu hucheka kisha wakauliza: kwani gari lilikuwa bovu? Halikuwa bovu. Pampu ilisukuma, mabomba hayakuvuja, choo kilifanya kazi yake. Kosa lilikuwa la hesabu, tena hesabu ya darasa la nne. Ndiyo maana naona kinastahili kuchambuliwa pole pole, hasa kwa familia zetu zilizoko Marekani ambazo sasa zimeanza kuonja mambo haya ya kulala porini na nyumba juu ya magurudumu.

Tulikuwa watu saba: mimi, mke wangu, watoto watatu (mkubwa ana miaka 14), mamamkwe aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa, na shemeji yangu, kakake mke wangu. Ilikuwa mapema mwezi wa Julai, wikendi ndefu ya sikukuu yao ya uhuru. Tunaishi Minneapolis. Gari tulilikodi kwa mtu binafsi: lile la aina yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, ambalo Wamarekani huliita RV na ambalo mamamkwe alilibatiza "nyumba ya konokono" alipoliona limeegeshwa mbele ya mlango. Mwenye gari alitueleza mambo yake kwa muda wa robo saa. Jiko, kiyoyozi, jinsi ya kutoa ubavu wa chumba unaosukumwa nje kama droo. Habari ya matangi ya maji machafu ilichukua kama nusu dakika, naye akaimaliza kwa kusema tuyarudishe matupu. Simlaumu. Nusu dakika humtosha mtu mwenye mazoea ya kusafiri na mkewe na mbwa mmoja.

Tulikwenda Itasca, kaskazini mwa Minnesota, mwendo wa saa nne hivi. Ni hifadhi ya kwanza kabisa ya jimbo hilo, imetengwa tangu 1891, na sifa yake kubwa ni kwamba mto Mississippi unaanzia pale. Unatoka ziwani ukiwa kijito cha kuruka kwa mawe, kisha unakwenda maili 2,552, karibu kilomita 4,100, mpaka Ghuba ya Meksiko. Pameandikwa hivyo kwenye gogo lililosimamishwa ukingoni. Watoto walivuka Mississippi mara kumi na moja kabla ya adhuhuri, mdogo akiwa amepandisha suruali mpaka mapajani. Mamamkwe alivuka mara moja, akishika mkono wa shemeji, akasema kwamba hata Jinja alikwenda na hakupewa nafasi ya kuuvuka Nili kwa miguu.

Hilo la Jinja lilinipendeza, maana hadithi za mahali pawili hapa zinafanana. Kule, Speke anatajwa kuwa ndiye aliyefika chanzo cha Nili mwaka 1862, ilhali msafara wake ulibebwa na watu kama Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akapelekwa India, akarudi akawa kiongozi wa misafara. Hapa, Henry Schoolcraft ndiye anayesifiwa kwa kufika chanzo cha Mississippi mwaka 1832, lakini aliyemfikisha ziwani ni Ozawindib, Mwojibwe, mwenyeji wa kule, ambaye hakuwa na haja ya kuvumbua ziwa alilolijua siku zote. Schoolcraft ndiye aliyelipa jina: alichukua maneno mawili ya Kilatini, veritas caput, yaani ukweli na kichwa, akakata mbele na nyuma, yakabaki Itasca. Jina linasikika kama la wenyeji na si la wenyeji.

Turudi kwenye maji yetu.

Ukikodi kiwanja cha kuegesha gari-nyumba, jambo la kwanza la kuuliza ni kiwanja hicho kina nini. Kuna viwanja vyenye umeme peke yake, kuna vyenye umeme na bomba la maji, na kuna vyenye vyote pamoja na tundu la maji taka ambalo unaliunganisha na gari lako ukasahau. Kambi za watu binafsi mara nyingi zina vyote. Hifadhi za majimbo mara nyingi zinakupa umeme tu, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu. Tulikuwa na kisanduku cha plagi, meza ya mbao, pete ya chuma ya kuwashia moto, na misonobari pande zote. Bomba la maji ya kunywa lilikuwa kama hatua sitini. Nyumba ya vyoo na mabafu ya pamoja ilikuwa mwendo wa dakika tatu. Kituo cha kumwagia maji machafu kilikuwa huko barabarani, mahali ambapo unakwenda na gari zima.

Niliposoma "umeme" kwenye fomu nilifurahi. Nikaona tumeshapata nyumba.

Sasa matangi. Gari lile lilikuwa na matatu. La maji safi lilichukua galoni 45, kama lita 170. La pili, wanaloliita la kijivu, hupokea maji ya masinki na bafu. Lilikuwa la galoni 35, lita 132. La tatu, jeusi, ni la choo: galoni 30, lita 113. Namba hizi zilikuwa zimeandikwa kwenye kibandiko ndani ya kabati, nyuma ya mfagio. Niliziona Jumapili.

Tulijaza maji safi tulipoingia Ijumaa jioni. Na hapa ndipo shemeji anapoingia kwenye kisa. Shemeji yangu amekulia mtaa ambao bomba lilikuwa linatoa maji siku mbili kwa wiki, na tangu utotoni kazi yake ilikuwa madumu. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia kwamba tangi ni kubwa. Jumamosi asubuhi alisikia pampu ya gari ikiunguruma, akaniuliza, "Shemeji, maji yako wapi sasa?" Nikamwambia yako nusu. Uso ukambadilika kama niliyemwambia kuna msiba. Alichukua madumu mawili ya buluu tuliyonunua njiani, kila moja galoni sita, yaani lita 23 hivi, akaenda bombani, akarudi, akaweka faneli mdomoni mwa tangi akamimina. Kufikia alasiri alikuwa amemimina madumu matano. Sote tulimshukuru. Mamamkwe alimwombea dua.

Jumlisha: lita 170 za mwanzo na 115 za shemeji ni lita 285. Matangi mawili ya maji machafu, yote yakijaa hadi shingoni, yanachukua 245. Yaani tulikuwa tumejipa maji mengi kuliko nafasi ya kuyaweka baada ya kuyatumia.

Na hili, kwangu, ndilo kiini cha kisa. Waliotengeneza gari lile hawakuwa wajinga. Waliweka lita 170 za kuingia na 245 za kutoka. Kwa matumizi ya kawaida, maji safi yanakwisha kwanza. Unafungua bomba linakohoa, unajua sasa ni wakati wa kufunga virago, kwenda kituoni, kumwaga, na kujaza upya, vyote kwa safari moja. Ule ukame ndio kengele yako. Shemeji, kwa bidii na mapenzi, aliinyamazisha kengele kwa madumu.

Lakini kengele ya pili ilikuwepo. Juu ya mlango kuna ubao mdogo wenye taa: tupu, theluthi moja, theluthi mbili, tele. Unabonyeza, taa zinawaka. Nilibonyeza Jumamosi kabla ya magharibi. Tangi la kijivu likasoma theluthi mbili, nikasema bado tunayo nafasi ya kutosha mpaka kesho. Makosa mawili hapo. Kwanza, taa hizo hazipimi kama geji ya mafuta. Ni vijipini vitatu vilivyochomekwa ubavuni mwa tangi kwa vimo tofauti; maji yakigusa kipini, taa inawaka. Kwa hiyo "theluthi mbili" maana yake ni kwamba maji yamepita kipini cha pili na hayajagusa cha tatu. Yanaweza kuwa yamebakisha kikombe kimoja. Pili, niliegesha gari kwa kupima usawa kwa jicho. Lilikuwa limeinama kidogo upande wa jikoni, na maji nayo, kama yalivyo maji, yalikwenda upande wao, wala sijui vile vipini vilikuwa upande gani. Hata friji ilikuwa inalalamika, nikadhani ni tabia yake.

Kwa nini yatokee bafuni na si kwenye sinki? Kwa sababu matundu yote ya masinki na bafu yanaungana kwenye tangi moja, na tundu la bafu ndilo lililo chini kuliko yote. Tangi likishajaa, kila kikombe unachomimina jikoni kinatafuta mlango wa karibu zaidi na sakafu. Ungeweza kuosha vyombo dakika ishirini bila kuona dalili yoyote mbele yako, huku bafu linajaa nyuma ya pazia. Ndivyo tulivyofanya.

Niliporudi mjini nilitaka kujua lita 132 zilikwendaje kwa saa thelathini. Nikaweka beseni chini ya bomba la jikoni nikatawadha kama ninavyotawadha siku zote, bomba likiwa wazi tangu viganja mpaka miguu. Lita 4 na zaidi kidogo. Nikamwita binti wa miaka 14, bila kumwambia sababu. Lita 7. Nikamwomba mamamkwe. Alichota birika lake la plastiki, la lita moja, akatawadha kwa utulivu, na maji yakabaki. Akaniuliza kwani nilidhani ile mudi inayosomwa madrasani, kipimo cha maji ya udhu, ni kiasi gani.

Kule kambini tulikuwa watu watano wenye kusali. Mamamkwe alitumia birika lake tangu siku ya kwanza, kwa hiyo hesabu ni yetu wanne. Adhuhuri na alasiri ya Jumamosi tulikuwa matembezini, tukatumia vyoo vya hifadhi. Zikabaki magharibi, isha na alfajiri, kisha magharibi tena. Nikitoa mara ambazo mtu alibaki na udhu wake, napata kama mara kumi na nne garini. Kwa lita 4, ni 56. Watoto watatu walisuuzwa mchanga wa ziwani, lita kumi kila mmoja: 30. Vyombo vya pilau, pamoja na sufuria kubwa ambayo mke wangu aliisugua chini ya bomba linalotiririka kwa sababu haikuenea kwenye sinki: 25. Hapo tuko 111. Mchele uliooshwa maji matatu, mikono, meno, makapi ya chai, na isha ya Jumamosi tuliyoanza kuitawadhia, hayo yakamaliza nafasi iliyobaki.

Jambo ambalo kipimo changu hakikulionyesha ni saa. Mwezi wa Julai kaskazini ya Minnesota jua linazama baada ya saa tatu usiku, isha inaingia saa tano na ushei, na alfajiri imeshafika kabla ya saa kumi. Swala zote mbili ni gizani. Hakuna aliyetaka kutembea dakika tatu msituni, na mbu wa kule wana ukubwa wa nzi na njaa ya wiki nzima, na ubao wa tangazo ukikukumbusha usiache chakula nje kwa sababu ya dubu. Kwa hiyo tulitawadhia ndani. Kama safari ingekuwa ya Septemba, isha ikiingia mapema na watu wangali nje wanaota moto, sidhani kama kisa hiki kingetokea.

(Kibla nayo ilituletea mjadala, simu zikiwa hazishiki mtandao. Shemeji alielekea kaskazini kwa mazoea, maana Mombasa kibla ni kaskazini moja kwa moja. Minnesota ni kaskazini mashariki. Tulitumia jua la asubuhi.)

Basi, usiku ule, kilichofaa kufanywa kwanza kilifanywa na mtoto. Mkubwa alifika kwenye ubao akazima swichi ya pampu. Maji hayawezi kuendelea kupanda kama hayaendelei kuingia. Sisi watu wazima tulikuwa bado tunatafuta kitambaa.

Kisha tukakaa mezani kujadiliana kwa sauti za chini, kwa sababu saa nne usiku ukimya unaanza rasmi kambini na majirani walikuwa hatua ishirini tu. Shemeji alitoa shauri lake.

"Shemeji, hii ni sabuni na wali. Tufungue koki kidogo tu, ardhi inywe. Nyumbani si tunamwaga uani?"

Nakiri kwamba nililifikiria. Udongo wa kule ni wa kichanga, ungeyanywa kwa dakika chache na asubuhi asingejua mtu. Sheria za hifadhi zinakataza, maji yale ni ya kupelekwa kituoni, lakini saa tano usiku sheria husikika kwa mbali. Kilichonizuia ni mambo mawili ya karibu zaidi. Moja ni mafuta ya nyama ndani ya yale maji: kuyamwaga hatua tatu kutoka mahali wanapolala watoto ni kuwaandikia dubu barua ya mwaliko. La pili nilimwambia shemeji hivi: Minneapolis inachota maji yake ya bomba kutoka Mississippi. Mto umeanzia hapa. Maziwa haya yote yanashukia kule.

"Kwa hiyo unataka kuniambia," akasema, "kwamba nitakunywa hii pilau mara ya tatu."

Hapo shauri likafa. Najua kitaalamu ndoo moja ya maji mchangani haifiki Minneapolis ikiwa na bizari yake, lakini hoja ilifaa kwa saa ile.

Shauri la pili lilikuwa kuliendesha gari mpaka kituoni usiku huo huo. Hilo lilitaka kuchomoa umeme, kurudisha ndani ule ubavu unaotoka kama droo (na watoto wawili walikuwa wamelala juu yake), kuwasha injini ya malori na kurudi kinyumenyume gizani kati ya misonobari. Mke wangu alisema hapana kabla sijamaliza kulieleza.

Tukabaki na la tatu, lisilo na ushujaa wowote. Nilichota maji ya bafuni kwa kikombe nikayatia kwenye ndoo yenye kifuniko. Karibu lita kumi. Harufu yake ilikuwa ya sinki la hoteli saa tisa mchana. Mabomba yote yakapigwa marufuku. Mamamkwe akaturuhusu, au tuseme akatukumbusha, kwamba sisi ni wasafiri: tunaweza kuzikusanya magharibi na isha kwa pamoja na kupunguza rakaa za isha, na kwamba tangu Ijumaa alikuwa akishangaa kwa nini tunajitaabisha. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Baba, gari lako. Mimi mgeni."

Asubuhi nilitoka na ndoo mkononi kama mtu aliyeiba. Jirani yetu, mzee mstaafu mwenye trela la kukokotwa na gari la kubebea mizigo, alikuwa ameshakaa nje na kahawa yake. Alitazama ndoo, akanitazama mimi, akauliza kama ni la kijivu. Nikasema ndilo. Akacheka bila dharau, akasema jana yote alikuwa akihesabu madumu ya yule kijana, na kwenye la nne alimwambia mkewe kwamba wale watu watahitaji tangi lake.

Tangi lake ni kitu ambacho sikujua kipo: tangi bapa la plastiki ya buluu, lenye magurudumu na mpini mrefu, la galoni 15, kama lita 57. Unalilaza chini ya gari lako, unaunganisha mpira mnene, unafungua koki, linajaa, unafunga, kisha unatundika mpini kwenye ndoana ya nyuma ya gari dogo na kulikokota pole pole mpaka kituoni. Gari-nyumba lako linabaki pale pale na ubavu wake nje na watoto wake ndani.

Ili kufikia koki ilibidi nilale chali kwenye majani yenye umande, shavu karibu na gurudumu. Mamamkwe alikuwa ameketi kwenye benchi na chai yake. "Mtaka cha mvunguni," akasema, akaiacha hapo. Koki ni kijiti cha chuma chenye mpini mweusi, unakivuta kuelekea kwako. Kuna viwili, kimoja cha kijivu na kimoja cha jeusi, vimekaribiana kwa upana wa kiganja. Mzee aliinama akanigusa mkono kabla sijavuta. Nilikuwa nimeshika kile kingine.

Tulikwenda mara mbili, lita 114. Mzee aliendesha kwa mwendo wa kutembea, na shemeji alifuata nyuma ya lile tangi kwa miguu, mikono mgongoni, kama anayesindikiza bibi harusi. Kituoni kulikuwa na foleni ya magari ya watu wanaoondoka, nusu saa au zaidi, kwa hiyo hata kama tungelipeleka gari zima tungekula asubuhi yote pale.

Siku iliyobaki tuliishi vingine, na haikuwa taabu niliyoitegemea. Kuoga ni kwenye bafu la pamoja, ambalo lina maji ya moto yasiyokwisha, tofauti na la gari ambalo joto lake ni la galoni sita tu. Vyombo vilifutwa kwa karatasi kwanza, karatasi zikaenda kwenye jaa la chuma lenye kitasa cha kuzuia dubu, kisha vikaoshwa kwa mabeseni mawili, moja la sabuni na moja la kusuuzia. Nilinunua birika la pili dukani. Shemeji alipigwa marufuku kugusa dumu, akawa anazunguka kiwanja kama mtu aliyeachishwa kazi, mpaka watoto wakampeleka kukodi baiskeli. Jumapili usiku taa ilisoma theluthi moja, na sasa nilikuwa najua maana yake.

Kuhusu tangi jeusi, ambalo kila mtu huliogopa, halikutusumbua hata kidogo, na nadhani sababu ni kopo, lile la maji ya kujisafishia chooni. Wanaotumia karatasi nyingi na maji machache hupata tabu ya uchafu kurundikana chini ya choo na kukauka kama kichuguu. Sisi tulipeleka maji kila mara. Lilijaa haraka zaidi, sawa, ila lilipomwagwa lilikwenda lote.

Hilo lilifanyika Jumatatu, tukiondoka. Jeusi kwanza, kisha kijivu, ili maji ya sabuni yasafishe mpira yakipita. Glavu mikononi. Mzee alikuwa ametuonya tusiguse bomba la pale kwa mpira wa maji ya kunywa, maana hapo kila mtu anasuuzia vyake. Kwenye mwanzo wa mpira kuna kiwiko cha plastiki inayoonyesha, na mke wangu alisimama akiangalia mpaka akaziona punje za mwisho za wali zikipita. Alizipungia mkono.

Mwenye gari alilikagua akaridhika, akaturudishia dhamana yetu yote. Usiku ule ule akanitumia ujumbe na picha. Tumesahau kitu chooni, ameandika, kopo zuri la plastiki la kumwagilia maua, je, aliweke au tutalifuata? Nilimwonyesha mamamkwe. Alivaa buibui lake, akachukua mkoba, akaenda kusimama mlangoni akinisubiri nitafute funguo.